Kiboko Hakitobolewi

Mzee Filipo alimpigia simu Costancia aje ofisini na ndoo na matambara. Spana aziache nyumbani, alisema, hakuna cha kufungua. Costancia akazibeba vilevile, maana hakuwa na mazoea ya kuiendea injini mikono mitupu. Akafunga ndoo nyuma ya pikipiki yake, akapanda kutoka Kambi ya Chini hadi ofisi ya kata.

Nyuma ya ofisi, juu ya trela yake, chini ya turubai lililotafunwa na panya, kilikuwepo Kiboko. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Kambi ya Chini walikipa kile chombo. Ilikuwa pikipiki ya maji ya kukaa watu watatu, ya kijivu iliyopauka, pana mgongoni na nzito kuliko ng'ombe. Wafadhili walikileta Kilosa mwaka wa mafuriko, kikiwa tayari kimezeeka huko kilikotoka, wakakiacha mikononi mwa kamati ya maafa ya kata.

Mzee Filipo, mwenyekiti wa kamati hiyo, alikuwa amekaa kwenye kiti kipya cha plastiki cha bluu. Pembeni yake vingine vya namna hiyo vilikuwa vimepandanishwa hadi usawa wa dirisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Kazi yenyewe ndogo. Kuna mfadhili wa Mikumi, Bwana Nickson, mwenye hoteli. Ametupa viti hivi na turubai la mikutano, nasi tunampa hiki. Lori lake linakuja Ijumaa. Sasa tumbo la hiki kitu limejaa oili, na mimi sitaki kimchafulie lori. Wewe kimwage, ukifute, ukikaushe, uende zako."

Costancia aliinua kiti cha Kiboko, akachungulia ndani. Chini kabisa, chini ya injini, oili nyeusi ilikuwa imetuama, na juu yake nzi wawili walikuwa wamekufa.

"Kimeuzwa kwa sababu ya hii?"

"Ditram alishakitazama. Anasema sili ya krenki, ule mpira wa kuzuia oili nyuma ya injini, imekwisha, injini lazima ing'olewe nzima. Nani wa kuing'oa hapa Kilosa? Kimekufa, Costancia."

Ditram ndiye aliyemfundisha Costancia ufundi, akiwa msichana, katika gereji ya matrekta karibu na stesheni. Neno lake lilikuwa zito. Lakini Costancia alipokitazama kile chombo hakuona oili peke yake. Alimwona mama yake asubuhi ile mto Mkondoa ulipopasua tuta, amekaa juu ya bati la nyumba na kuku wanne kwenye tenga, akimgombeza kijana wa kujitolea aliyekuja na Kiboko kati ya magogo na magodoro yaliyokuwa yakielea. Kijana alikuwa anaitwa Makarius. Alirudi Kambi ya Chini mara nyingi siku ile, akibeba wawili wawili, watatu wakiwa wembamba, mpaka bati la mwisho likabaki tupu.

Costancia aliweka ndoo chini.

"Sikuja kuosha maiti, mzee," alisema. "Hiki hakijafa. Nipe nikitazame mwenyewe."

"Umeshaambiwa na mwalimu wako."

"Nataka niambiwe na injini."

Mzee Filipo alicheka, kicheko cha mtu mwenye shughuli nyingine. "Haya, kichukue ukachezee. Ijumaa lori litakifuata hukohuko."

"Na kikiacha kuvuja?"

"Kikiacha kuvuja tutazungumza."

Costancia alikwenda kumwita jirani yake Loveth, mwanamke mwenye mabega ya kubeba magunia, ambaye watoto wake pacha walikuwa kwenye safari ya kwanza ya Makarius. Wakalisukuma lile trela mchana kweupe, barabarani, mbele ya maduka. Watu waliuliza mnakwenda kuvua samaki gani. Loveth akawa anajibu, "Tunampeleka mgonjwa kwake."

*

Kambi ya Chini ilikuwa mistari ya nyumba zilizojengwa zamani kwa ajili ya vibarua wa mkonge. Mkonge ulikwisha, watu wakabaki, wakalima mahindi na mpunga bondeni. Mama yake Costancia, Bibi Paulina, alizaliwa kwenye chumba kilekile alichokuwa akilala hadi sasa. Wazazi wake waliletwa na kazi kutoka Njombe, na mpaka leo alikuwa anaongea Kibena na kuku wake, Kiswahili na binadamu.

"Kiboko chenu kimerudi," alisema, akilizunguka trela na fimbo yake. "Mbona kinanuka gereji?"

"Kinavuja oili, mama."

"Kinavujia wapi?"

"Ndiyo nataka kujua."

Kwanza alifanya kosa ambalo yeye mwenyewe angemgombeza mwanafunzi kwa kulifanya: aliifuata oili pale ilipolala. Aliona unyevu chini ya kava la juu la injini, upande wa kushoto, akasema moyoni, hapa. Akalifungua lile kava, akakata gasketi mpya kwa mkasi, akaifunga kwa utulivu, akamwaga oili ya zamani na kutia mpya. Loveth akaleta mpira wa maji kutoka simtanki yake, wakauunganisha na mdomo wa kupozea. Costancia aliiwasha injini kwanza, ndipo akamwashiria Loveth afungue maji, maana ukiyatanguliza maji yanaweza kuingia ndani ya injini. Kiboko kilikohoa, kikatoa moshi, kikanguruma. Mabati ya nyumba yakajibu.

Hakukiacha kiungurume kwa muda mrefu. Nje ya maji, mpira unaoishika shafti huungua. Walifunga maji, wakazima, akachungulia na tochi. Tumboni kulikuwa na oili mpya, safi, ya rangi ya asali.

"Sasa inavuja iliyo nzuri," alisema Loveth.

Costancia alikaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu la trela. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu ya Ditram wala Mzee Filipo. Alikimbilia jibu kwa sababu alilitaka. Injini haijali unachotaka.

Kesho yake alianza upya. Alinyonya oili yote kwa bomba la sindano, kisha akaosha injini kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni ya unga, halafu kwa maji ya moto. Akaifuta kila kona ambayo kidole chake kilifika, na kona ambazo hakikufika akazifuta kwa tambara lililofungwa kwenye waya. Akakiacha wazi juani mpaka kila kitu kikakauka kabisa. Kisha akaingia ndani kwa mama yake.

"Mama, nipe poda yako."

"Poda yangu ya kwenda kanisani?"

"Nitakununulia nyingine."

"Unataka kuipaka injini poda?" Bibi Paulina alimtolea kopo, akatoka naye nje ili ashuhudie. Costancia alimwagia poda kiganjani na kuipulizia ndani, mbele, nyuma, chini ya kava, kwenye mabomba, kwenye nyaya, mpaka injini yote ikawa nyeupe kama mandazi yenye sukari. Oili ikipita kwenye poda huacha njia. Na njia ina mwanzo.

Waliwasha. Wakaacha ingurume kidogo. Wakazima.

Alichokiona alipoingiza tochi kilimkata maini. Nyuma ya injini kulikuwa na kile kiungo kinachoizungusha shafti. Kwenye kuta za tumbo, kulia na kushoto kwake, oili ilikuwa imechora mstari mwembamba uliopinda kama upinde, ikirushwa na kitu kinachozunguka. Hilo ndilo Ditram aliloliona. Fundi yeyote akiuona ule mstari atasema sili ya krenki, pale nyuma ya kiungo, inatema. Na ikiwa ni sili, injini ing'olewe.

Loveth akamwuliza, "Ni mbaya?"

"Ngoja."

Alichukua kioo kidogo cha kujitazamia, akakifunga kwenye kijiti, akakipenyeza nyuma ya kile kiungo, mahali sili inapokaa. Akaileta tochi karibu. Akasogeza. Akatazama tena, kwa sababu hakuamini.

Pale kwenye sili poda ilikuwa bado nyeupe.

"Loveth," alisema polepole. "Kama ng'ombe anatokwa maziwa, chuchu inaweza kuwa kavu?"

"Haiwezi."

"Basi haitoki hapa. Inafika hapa."

Alianza kupanda juu. Juu ya kiungo lilipita bunda la nyaya, limefungwa kwa utepe mweusi, na upande wake wa chini, mahali tochi isingefika bila kioo, poda ilikuwa na mchirizi mwembamba kama uzi. Aliufuata ule uzi kwa kioo, sentimita kwa sentimita, nyuma ya bomba, pembeni ya bano, hadi kwenye kifuniko cha nyumba ya filta ya oili. Hapo uzi ukaisha. Juu yake kulikuwa kweupe.

Oili ilikuwa ikitoka kwenye kifuniko cha filta tone kwa tone, ikitambaa chini ya nyaya kama sisimizi, ikidondoka juu ya kiungo kinachozunguka, nacho kikiirusha huku na huku.

Alifungua kifuniko. Ndani yake kulikuwa na oringi, pete ya mpira inayozuia oili kupita. Ilikuwa imelala bapa, ngumu kama ukucha. Alipoikunja kidogo ilivunjika.

Costancia aliinua vile vipande viwili juani, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Bibi Paulina aliweka mkono juu ya macho kutazama.

"Hicho tu?"

"Hiki tu, mama."

"Kwa hicho wanataka kutunyang'anya chombo?"

*

Oringi ya ukubwa ule Kilosa haikupatikana. Alhamisi alipanda pikipiki yake, vipande viwili kwenye karatasi mfukoni, akapita kijiji cha Ulaya, ambako kulikuwa na gulio na mbuzi barabarani, akafika Mikumi saa za chai. Huko malori ya kwenda Zambia husimama usiku na mchana, na kando ya lami kuna maduka ya vipuri yenye kila kitu kinachoweza kuchakaa. Muuzaji alimwaga mbele yake boksi zima la oringi, naye akawa anazipima moja moja juu ya vile vipande, nyingine nene, nyingine pana, mpaka akapata iliyokaa sawasawa, ya mpira unaovumilia oili ya moto. Akachukua na ya akiba.

Kurudi, aliuliza hoteli ya Bwana Nickson. Hakuwa na mpango maalumu. Alitaka kukiona mahali kinapokwenda.

Geti lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na bwawa jipya la kuogelea, bado bila maji, na kati ya bwawa na geti mtu alikuwa akipaka rangi jukwaa la zege. Juu ya zege zilisimama bolti ndefu, nyuzi zake zinang'aa. Nyani wawili walikuwa wamekaa ukutani wakimtazama mpakaji rangi.

"Habari ya kazi. Hapa panawekwa nini?"

"Nzuri, dada. Pikipiki ya maji. Inakuja kesho. Watoto wa wageni watakuwa wanapanda, wanapigwa picha."

"Na hizi bolti?"

"Za kuishika. Itatobolewa chini, ipite bolti, tukaze nati. Isije ikaangukia mtoto."

Costancia aliziangalia zile bolti. Zilikuwa nne, nene kama kidole gumba.

Bwana Nickson alitoka akiwa na simu sikioni, mwanaume wa makamo, mpole wa sauti. Costancia alimwambia yeye ni nani na ametoka wapi. Akamwambia chombo si kibovu, ni oringi, na akamwonyesha oringi yenyewe.

"Dada yangu," alisema Nickson, "mimi niliambiwa kimekufa. Nilitafuta kilichokufa. Nikitaka kizima si ningenunua Dar?"

"Basi kiache."

"Viti vimeshafika kwenu. Wazee wako wamekubali wenyewe, hakuna niliyemlazimisha. Malizaneni hukohuko. Mimi kesho naleta lori."

"Lete," alisema Costancia. "Barabara si yangu."

Alirudi Kilosa kwa mwendo ambao mama yake asingeupenda. Jioni ile, kabla jua halijazama, oringi ilikuwa mahali pake, imepakwa oili kwa kidole, kifuniko kimekazwa kwa mkono wa kutosha na si zaidi. Akapulizia poda iliyobaki. Wakawasha, wakazima, wakawasha tena. Poda haikuguswa na chochote.

*

Lori lilishuka Kambi ya Chini Ijumaa baada ya sala ya mchana. Nickson alikuwa mbele na dereva. Mzee Filipo alikuja kwa bodaboda, na nyuma yake bodaboda nyingine ikiwa imebeba kiti cha bluu, ili mwenyekiti asisimame juani. Ditram naye alikuja, kwa miguu, mikono nyuma, bila kuitwa na mtu.

Watu wa kambi walikuwa wamekwisha kusanyika. Bibi Paulina alikuwa amekaa juu ya trela lenyewe, miguu inaning'inia, fimbo mapajani.

"Shikamoo mama," alisema Mzee Filipo, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe.

Bibi Paulina alimtazama. Akatazama kiti. Hakuitikia. Watu wote walilisikia lile shikamoo likibaki hewani bila mpokeaji, na Mzee Filipo akalazimika kukohoa na kukaa.

"Fundi," alisema, "tuonyeshe basi ulichofanya."

Costancia alitandika boksi jeupe la katoni tumboni mwa Kiboko, chini ya injini. Akafunga mkononi mkanda wa kuwashia, ambao bila huo injini haiwaki. Akawasha, Loveth akafungua maji. Kiboko kiliunguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Alipozima, hakulitoa boksi mwenyewe. Alimgeukia Ditram.

"Mwalimu, tazama wewe."

Ditram aliinama, akaingiza mkono mpaka begani. Alipapasa nyuma ya kiungo, chini ya nyaya, kwenye kona zote anazozijua. Alipoutoa, kiganja chake kilikuwa cheupe kwa poda. Akakiinua watu wakione. Kisha akalitoa lile boksi, akaligeuza pande zote mbili.

"Mimi nilisema sili," alisema kwa sauti ya kusikika. "Sikupanda juu kutazama. Hiki kizima. Kinafaa kufanya kazi."

Watu walipiga makofi. Mzee Filipo alisubiri yaishe.

"Hongera, fundi. Nimefurahi. Lakini kamati ilishaamua, na neno la kamati halibadilishwi na oringi."

"Ulisema kikiacha kuvuja tutazungumza."

"Tunazungumza. Ndiyo haya." Akainuka kidogo, akakaa vizuri zaidi. "Niwaambie ukweli ambao hakuna anayewaambia. Bonde hili si mahali pa kukaa watu. Kila mwaka tunawaambia mhame. Nanyi hamhami kwa sababu mnajua maji yakija kuna Kiboko. Hiki chombo ndicho kinachowapa kiburi. Kikiondoka, mtaondoka."

Ndani ya maneno yale ulikuwemo ukweli kidogo, na kila aliyekuwepo alikuwa amewahi kuamka akisikiliza mto. Costancia alifungua kinywa, lakini mama yake alimtangulia.

"Filipo," alisema Bibi Paulina. "Kiburi sikupewa na pikipiki. Nimezaliwa nacho, kwenye chumba kile pale. Unataka nihame? Nihamishe. Nionyeshe kiwanja. Nionyeshe hata kigingi kimoja kilichochomekwa kule juu chenye jina langu. Nitabeba kuku wangu leo hii, sitangoja kesho."

Mzee Filipo aligeuka kulitazama lori.

"Hakipo," alisema Bibi Paulina. "Umetuonyesha njia ya kutoka, hujatuonyesha pa kwenda. Sasa unataka na kile kinachotutoa majini kiende Mikumi kikachezewe na watoto."

"Kikatobolewe," alisema Costancia. Alilisema akiwatazama watu wa kambi, si Mzee Filipo. "Nimefika. Nimeziona bolti. Watakitoboa tumbo kwa mashine, matundu manne, wakikaze kwenye zege. Hata siku mkikitaka tena, hakitaelea."

Minong'ono ilianza nyuma ikaja mbele. Costancia alipanda juu ya trela, akasimama karibu na mama yake. Sauti yake haikupanda sana.

"Kiboko hakitobolewi. Mzee, kamati yako inifungulie shauri, niitwe mkorofi, nitaitika. Lakini kwenye lori hakipandi. Atakayetaka kukipandisha aanze kumshusha mama yangu hapa."

Dereva wa lori alimwangalia Bibi Paulina, akaangalia fimbo, akarudi kukaa kwenye usukani.

Nickson alishuka. "Jamani, mimi sikuja kugombana na bibi. Ila nami nimetoa vitu vyangu. Nirudi mikono mitupu?"

Hapo ndipo Loveth aliposema, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni, "Hapana, baba. Hurudi mikono mitupu. Viti si viko ofisini?"

Hakungoja ajibiwe. Alijifunga kanga kiunoni akaanza kupanda mlima, na wanawake wakamfuata, na baada ya kidogo wanaume nao. Mzee Filipo aliita, akakataza, akataja sheria, akapiga simu isiyopokelewa. Walipotokea tena barabarani, viti vya bluu vilikuwa vinashuka bondeni juu ya vichwa vyao, vimepandana vitatu vitatu, vinne vinne, vingine bado na nailoni zake zikipepea, na turubai la mikutano likiwa limebebwa na watu sita kama jeneza, ila waliolibeba walikuwa wanaimba. Wakavipanga ndani ya lori kwa uangalifu, kisije kikavunjika hata kimoja wakasemwa.

Nickson alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni. Mwanzoni alikunja uso. Kisha akaanza kupokea viti na kuvipanga mwenyewe.

"Kimebaki kimoja," alisema Loveth.

Kila mtu alijua kiko wapi. Hakuna aliyesogea. Mzee Filipo alikaa juu yake, mgongo umenyooka, akitazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Jua lilikuwa linamchoma upara. Ilionekana atakaa pale mpaka kesho.

"Inuka, baba," alisema Bibi Paulina, kwa upole ambao ulikuwa mgumu zaidi kuliko ukali. "Hiki si chetu."

Akainuka. Loveth akakichukua, akakipangusa kwa pembe ya kanga, akakipandisha.

"Marahaba," akasema Bibi Paulina.

*

Wiki iliyofuata Costancia aliitwa ofisini. Mtendaji wa kata alikuwepo, na kamati yote, wamekaa kwenye mabenchi ya zamani. Walikuwa wameandaa maneno. Amechochea wananchi. Amevunja makubaliano ya kamati na mfadhili. Ameidhalilisha ofisi. Mtendaji, kijana mwenye adabu, alimwambia mambo yangeishia pale kama angeomba radhi, kwa mdomo tu, hata maandishi hayatakiwi.

"Niombe radhi kwa lipi?" aliuliza Costancia. "Kwa kukitengeneza?"

"Kwa namna ulivyofanya."

Alifikiri, kwa kweli alifikiri, kwa sababu hakupenda kumwaibisha mtu mzima mbele ya watu na jambo lile lilikuwa limemkaa kifuani.

"Mzee Filipo," alisema, "kama nilikukosea heshima kwa mdomo wangu, hilo nitakuja kwako nyumbani tulimalize, mimi na wewe. Lakini hapa mezani sina radhi. Kikija kitu kilekile kesho, nitafanya hivihivi."

Walimtoa kwenye orodha ya mafundi wa kata. Kazi za ofisi, pampu ya kisima na jenereta, akapewa mtu mwingine. Alilijua hilo litakuja, na lilimuuma, na alikwenda nalo nyumbani bila kumwambia mtu. Lakini mkutano wa hadhara ulipoitishwa, watu wa Kambi ya Chini waliamua kwa kunyoosha mikono kwamba Kiboko kikae kambini chini ya watu wa kambi wenyewe. Mtendaji aliandika hivyo. Mzee Filipo hakupinga. Alimwuliza tu Costancia, wakati wa kutoka, kama ile oringi ya akiba anaitunza mahali pakavu. Naye akamjibu ndiyo, mzee, ipo kavu.

Mvua zilianza. Siku Mkondoa ulipopata maji ya kutosha kubeba chombo, walikishusha kwa kamba, watu kumi wakishikilia trela lisiwaponyoke kwenye tope. Wote walitarajia Costancia apande. Yeye akaufungua ule mkanda wa kuwashia mkononi mwake, akamfungia Loveth mkononi.

"Mimi?" Loveth alirudi nyuma. "Mimi sijui hata baiskeli!"

"Ndiyo maana. Nikiwa nimelala homa siku maji yakija, nani atawatoa? Panda mbele."

Loveth alipanda akiwataja watakatifu. Costancia akakaa nyuma yake, akamwonyesha mshiko wa gesi, akamwambia asiuachie ghafla kwenye kona, maana bila kusukuma maji hiki kitu hakipindi. Kiboko kiliwaka. Maji ya kahawia yalifumuka nyuma yao yakawalowesha watu wa ukingoni, nao wakapiga mayowe, Bibi Paulina akiwa wa kwanza.

Walikwenda hovyo mwanzoni, karibu waingie kwenye matete. Kisha Loveth akaupata mkono. Aliinama mbele, akakaza meno, akakielekeza pua juu, kule maji yanakotokea.

"Kwa hiyo tunaupanda mto?" alipiga kelele bila kugeuka.

"Tunaupanda!" alijibu Costancia. "Ongeza!"